UZI: Msemaji wa serikali na sisi tunaoshika rikoda, tatizo liko wapi hasa?

Ripota wa Busia

Wakuu salamu. Naandika kirefu, mwenye haraka apite atarudi usiku.

Kila wiki nasikia wenzangu wa redio hapa Uganda wakilalamika juu ya wasemaji wa serikali, huyu hashiki simu, yule anafoka, mwingine anatuma taarifa ya kurasa mbili isiyo na jibu hata moja, na mimi nalalamika vilevile. Ila naona tunapiga kelele pasipohusika. Ugonjwa mkubwa wa wasemaji wetu si ukali, na si hata uongo. Ni kwamba mara nyingi hawamo kwenye kikao kinapoamuliwa kile watakachokuja kuulizwa. Wakubwa wanakaa, wanaamua, wanapanda magari wanaondoka, halafu saa sita na nusu mimi nampigia msemaji nina taarifa ya habari saa saba na yeye ndo kwanza anasikia jambo hilo kutoka kwangu! Sasa atajibu nini? Atasema "tunalifuatilia", au atazima simu, au akijiamini sana atabuni. Msemaji wa namna hiyo ni spika iliyokatwa waya.

Nitoe mfano. 2020 wakati madereva wa malori wanapimwa korona mpakani, Malaba na huku kwetu, foleni ilikuwa inatambaa kilomita nyingi ndani ya Kenya. Siku moja nimesimama kando ya trela, dereva amekaa kwenye kivuli cha tairi anapika ugali, ananionyesha karatasi aliyopewa alipofika, ina tarehe, maskini siku zimepita na majibu bado. Nikampigia msemaji wa ofisi moja, siitaji. Akaniambia magari yanapita kama kawaida hakuna foleni. Nikamwambia mkubwa nipo hapa, nikainua simu juu asikie honi. Akanyamaza kidogo akasema "mimi nimeambiwa hivyo na walio juu". Sikumkasirikia hata, maana niliona ni mtu aliyetupwa mbele ya waandishi mikono mitupu. Lakini jioni yake soko zima lilikuwa linasema serikali inaficha maiti za madereva, na hakukuwa na wa kuuzima huo uvumi kwa sababu aliyepaswa kuuzima alishaonekana hajui hata foleni ya malori.

Kwa hiyo mimi nasema kazi ya msemaji ina nusu ambayo sisi hatuioni. Hii ya kusimama mbele ya kamera tunaiona. Ile nyingine ni kurudi ndani kwa wakubwa na kuwaambia wazee hili waandishi wameshalinusa, swali litakuja kesho, tuseme wenyewe leo na tuseme lote. Anayelipwa na serikali hatumtegemei aigeuke serikali, hilo halina ubishi. Tunachotaka ajue, na akijua asitudanganye, na asipojua aseme sijui nitakupigia saa fulani halafu apige kweli. Karibuni.

Afande Mstaafu

Ndugu ripota shikamoo ya heshima ingawa najua wewe ni kijana. Nilikuwa kwenye vyombo vya usalama, kazi ya kuongea na nyie watu wa habari nimeifanya, kwa hiyo nitasema upande wa pili.

Ajali inatokea barabara kuu saa nane usiku. Kufika saa kumi simu yangu inaita bila kupumua, wa Kampala, wa redio za huku, bloga, ndugu wa marehemu, wote wanataka idadi. Maiti ziko mochwari mbili tofauti, majeruhi wengine wamebebwa na boda kupelekwa kliniki, mkuu wa kituo ananipa idadi moja, daktari ananipa nyingine. Nikisema saba ikawa tisa, nimeficha wawili. Nikisema tisa ikawa saba, nimewaua wawili walio hai na mama zao wanasikia redioni! Nilichojifunza ni kusema hivi: mpaka saa kumi na mbili asubuhi tumehesabu saba, hesabu inaendelea, majina sitoi mpaka familia ziambiwe, saa nne nitaongea tena. Na saa nne naongea hata kama hakuna jipya. Ukiwapa waandishi saa ukaitimiza, wanakusubiri. Ukiwakosesha mara mbili, wanakwenda kwa mtu wa kwanza aliyesimama kando ya barabara, na siwalaumu.

Ndo maana mimi naipenda brifingi ya kila Jumatatu pale Naguru makao makuu ya polisi. Watu wanaicheka lakini ina jambo moja kubwa, msemaji anajua wiki ijayo atakutana na sura zilezile. Ukidanganya Jumatatu hii, Jumatatu ijayo kuna mtu mstari wa mbele ana rekodi yako.

Kuhusu kikao umesema kweli. Wakubwa wengi wanaogopa kumwingiza msemaji wakidhani atavujisha. Sasa mtu humwamini kusikia, unamwaminije kusema?

Kijana wa Kawempe

Mnaongea vizuri sana wazee wangu lakini mimi nawaambia ukweli wa mjini. Februari 17, 2021 waandishi walikuwa Kololo kwenye ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, watu wa chama cha upinzani NUP wanapeleka malalamiko yao, polisi ya jeshi wakashuka na fimbo wakawapiga waandishi mpaka wengine wakalazwa. Mwezi mmoja kabla yake mkuu wa polisi (IGP) wa wakati ule, Ochola, aliwaambia waandishi wazi kwamba watapigwa kwa ajili ya usalama wao wenyewe. Halafu Machi 2025 uchaguzi mdogo wa Kawempe North, hapa nyumbani kwetu, wenzenu wamepigwa tena, kamera zimevunjwa mchana kweupe. Sasa msemaji atanisaidia nini mimi?? Akija anasema tunachunguza. Kila mara tunachunguza. Uchunguzi unaenda unakufa huko

Ripota wa Busia

Ndugu yangu wa Kawempe sikupingi hata neno moja, na waliopigwa wengine nawajua. Lakini angalia kilichotokea baada ya Kololo, kwa sababu kinaonyesha nguvu ya kazi tunayoijadili. Picha zilikuwepo, video zilikuwepo, ikawa haiwezekani kukana. Mkuu wa majeshi wa wakati ule, Jenerali David Muhoozi, alijitokeza akaomba radhi, na wanajeshi kadhaa wakafikishwa kwenye mahakama ya kijeshi wakahukumiwa. Haitoshi, najua. Ila linganisha na pale msemaji anapotoka mbio kusema waandishi walianguka wenyewe. Msemaji mwenye akili siku kama ile anamwambia bosi wake, mzee video nimeiona, nchi nzima imeiona, nikisema tofauti mimi na wewe hatutaaminiwa tena hata tukitangaza sikukuu.

Na "tunachunguza" si jibu baya kama lina tarehe. Nani anachunguza, lini anamaliza, ripoti atapewa nani. Hayo matatu lazima sisi tuyaulize hapohapo. Mara ngapi tunafunga rikoda baada ya kusikia "tunachunguza" tukakimbilia gari?

Mwalimu wa Historia, Mbale

Naomba niwapeleke Marekani kidogo maana kule kazi hii wameifanya kwa muda mrefu na makosa yao yameandikwa.

Oktoba 1983 mwandishi wa CBS alimuuliza msemaji wa Rais Reagan, Larry Speakes, kama ni kweli majeshi yanataka kuvamia kisiwa cha Grenada. Speakes akauliza kwa watu wa usalama wa taifa ndani ya Ikulu, wakamwambia ni upuuzi, likanushe. Akalikanusha mbele ya waandishi. Kesho yake asubuhi, Oktoba 25, wanajeshi wako Grenada! Naibu aliyekuwa anashughulikia habari za nje, Les Janka, akaacha kazi kwa sababu ya jambo hilo. Sasa huyu Speakes hapo alikuwa hajadanganya, alidanganywa, ila kwa mwandishi tofauti iko wapi? Ndilo hilo hilo la ripota na malori yake.

Kuna mwingine, Jerald terHorst. Huyu alikuwa mwandishi wa gazeti kwa miaka mingi, Ford alipoapishwa kuwa rais Agosti 1974 akamchukua awe msemaji wake. Watu wa ndani wakamwacha awaambie waandishi kwamba hakuna mpango wa msamaha kwa Nixon, rais aliyekuwa amejiuzulu kwa kashfa ya Watergate. Septemba 8 Ford akatangaza msamaha. terHorst akajiuzulu siku ileile, mwezi mmoja tu kazini. Mimi darasani huwa nasimama sana hapa, kwa sababu vijana wanadhani kujiuzulu ni kushindwa.

Na Ron Ziegler, msemaji wa Nixon, aliyeuita wizi wa Watergate, ule wa kuvunja ofisi za chama pinzani, uhuni mdogo wa daraja la tatu, ilifika Mei 1973 akasimama akaliomba radhi gazeti la Washington Post alilokuwa akilishambulia. Radhi ilikuja baada ya mwaka mzima karibu, uharibifu umeshafanyika.

Lakini mimi mfano ninaoupenda kuliko wote uko Ujerumani. Tangu 1949 waandishi wana chama chao, Bundespressekonferenz, na ukumbi ni wa chama. Mara tatu kwa wiki wasemaji wa serikali na wa wizara wanakuja pale KAMA WAGENI. Mwenyekiti wa kikao ni mwandishi, yeye ndiye anayesema wewe uliza, wewe subiri. Msemaji hawezi kusema maswali yamekwisha nina safari. Fikirieni hapa kwetu Kampala chama cha waandishi kiwe na ukumbi wake na waziri aje kuketi kwenye kiti cha mgeni.

Kijana wa Kawempe

Mwalimu hiyo ya Ujerumani nimeipenda. Ila huku ukumbi utafungwa na polisi siku ya pili. Mmesahau Mei 2013? Gazeti la Monitor lilizingirwa siku kumi hivi kwa sababu ya kuchapisha habari ya barua ya Jenerali Sejusa, gazeti la Red Pepper nalo.

Mwalimu wa Historia, Mbale

Sijasahau. Na sijasahau pia 2004 Mahakama ya Juu ilivyokifuta kile kifungu cha kuchapisha habari za uongo, kesi ya Onyango-Obbo na Mwenda. Waandishi walikwenda mahakamani wakashinda. Kwa hiyo siku nyingine ukumbi unafungwa na siku nyingine unafunguliwa, tusikae tu kuhesabu za kufungwa.

Binti wa Arua

Mimi ni mtangazaji huku West Nile, naomba niseme mawili ambayo watu wa Kampala hawayaoni.

Kwanza, huku wilayani msemaji wa serikali ni nani? Nyie mna Uganda Media Centre, ofisi ya serikali ya kuongea na waandishi, mna msemaji wa polisi, wa jeshi, wa wizara. Sisi tuna RDC. Yeye ndiye anayemwakilisha rais kwenye wilaya, na anapewa muda wa bure redioni aelezee kazi za serikali. Anakuja na watu wake, anaongea saa nzima, mwisho anaaga. Simu za wasikilizaji zikipigwa ni mbili tatu za pongezi. Hiyo kwangu si kujibu waandishi jamani, ni hotuba. Na baraza la wilaya lina afisa wake wa mawasiliano, kijana mzuri tu amesoma, hana gari, hana mafuta ya pikipiki, bajeti yake ikikatwa ndo ya kwanza kukatwa. Nikimuuliza dawa ziko wapi kwenye kituo cha afya anasema ngoja nimuulize CAO, mtendaji mkuu wa wilaya. CAO yuko mkutanoni Kampala. Kesho CAO anasema muulizeni afisa wa afya. Afisa wa afya anasema mimi si msemaji. Siku tatu zimekwenda, mama mjamzito ameshaandikiwa akanunue glavu mwenyewe.

Pili ni lugha. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, tukafurahi, mimi nilisoma habari ile hewani kwa sauti ya juu! Lakini taarifa za serikali zinazonifikia kwenye WhatsApp bado ni Kiingereza, Kiingereza cha kisheria chenye sentensi ndefu, naipata saa saba kasorobo na saa saba nasoma. Natafsiri kichwani nikiwa laivu. Nikikosea kuhusu tarehe ya chanjo au mpaka kufungwa ni mimi nitakayeitwa. Hivi inashindikana nini msemaji kurekodi voisi noti ya dakika mbili kwa Kiswahili? Marehemu Tamale Mirundi, watu waliompenda na waliomchukia wanakubali jambo moja, alikuwa msemaji wa rais zaidi ya miaka kumi na alikwenda kwenye redio akaongea Kiganda ambacho muuza ndizi anakielewa. Ukali wake siutetei. Lakini bibi yangu hajui msemaji mwingine yeyote kwa jina.

Mama Mubende

Sijawahi kuandika kitu kirefu hivi ila hili linanigusa. Septemba 20, 2022 Ebola ilipotangazwa kwetu Mubende watu walikuwa wameshaanza kufa na huko vijijini neno lililokuwa linazunguka ni uchawi na sumu. Watu walikuwa wanakwenda kwa waganga. Wizara ilipotangaza walituambia hii ni aina ya Sudan na chanjo yake hakuna. HAKUNA. Wengine walisema mbona wanatutisha, lakini mimi nilishukuru. Wangetudanganya dawa ipo inakuja tungekaa tunaisubiri, tungeendelea kuosha maiti. Baadaye tukafungiwa sisi na Kassanda, maisha yalikuwa magumu mno na hasira zilikuwepo, ila kila siku takwimu zilitoka, waliothibitishwa wangapi, waliopona wangapi. Nilikuwa nasikiliza redio na kalamu mkononi. Januari 2023 walipotangaza imekwisha niliamini, kwa sababu hata zile siku mbaya walikuwa wametuambia.

Afande Mstaafu

Mama pole na asante. Wasemaji vijana wanaosoma hapa walishike hilo la mwisho la Mama Mubende. Habari mbaya uliyoitoa mwenyewe ndiyo inayofanya nzuri yako iaminiwe.

Mpiga Picha Masaka

Mbona hakuna anayetaja bahasha? Tunawasema wasemaji lakini brifingi ikiisha watu hawaondoki, wanazunguka mlangoni wanasubiri "transpoti". Wengine hawakuuliza hata swali moja, wamesaini karatasi ya mahudhurio tu. Msemaji aliyekulipa nauli, jioni unaandika nini juu yake?

Ripota wa Busia

Umegusa kidonda na nitakujibu bila kuzunguka. Ripota wa wilayani wengi wanalipwa kwa stori, stori isipotoka hakuna hela, na nauli ya kutoka Busia hadi Tororo na kurudi anailipa mwenyewe. Mwenye redio anajua kabisa kwamba ofisi itamlipia nauli mtu wake, ndo maana hampi. Kwa hiyo lawama ya kwanza naiweka kwa wenye vyombo vya habari. Ya pili kwa msemaji anayejua hiyo shida na kuitumia, maana nimeona mtu anaondolewa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kwa kuuliza swali gumu, na kuondolewa kwenye grupu maana yake hutajua brifingi iko wapi wala hutapata nauli. Ofisi ikitaka kusaidia waandishi iweke gari moja, wapande wote, wakali na wapole, ishughulike na hilo tu. Pesa mkononi baada ya kikao mimi siitetei hata kidogo.

Halafu kuna kitu sisi wenyewe tunaharibu. Msemaji akikuambia jambo akasema hili usinitaje, ukakubali, halafu ukamtaja, umemfunga mdomo si kwako tu, kwa wote watakaokuja baada yako. Anayeharibu hivyo siku moja anatuachia miaka ya simu zisizopokelewa.

Kijana wa Kawempe

Sawa. Tuseme msemaji ni huyo mliyemsema, hayumo kwenye kikao, hajui, au anajua hataki. Mimi kama mwananchi au ripota mdogo nakwama hapo? Na huyu mpya wa Media Centre, Alan Kasujja aliyetoka BBC, mnamtegemea?

Ripota wa Busia

Kuhusu Kasujja, ameteuliwa 2025, mtu aliyekaa miaka kwenye kiti cha kuuliza anajua swali likikwepwa linasikikaje. Mimi nitampima kwa jambo moja tu, kama mawaziri watampa habari kabla yetu. Wasipompa, umahiri wake wa hewani hautatusaidia sisi wala yeye.

Kuhusu kukwama, hapana hukwami. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zinazogusa usalama wa nchi au faragha ya mtu. Sheria yake ni ya 2005, Access to Information Act, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Kwa sheria hiyo mwenye wajibu wa kujibu ni mkuu wa ofisi mwenyewe, kwa hiyo msemaji asikuambie "mimi sijatumwa", unamwandikia bosi wake moja kwa moja. Wakikataa au wakinyamaza unakwenda kwa hakimu mkuu. Si rahisi, waandishi wawili wa Monitor, Mpagi na Izama, waliomba mikataba ya mafuta wakaenda hadi mahakama ya Nakawa na 2010 ombi lao likatupwa. Lakini mambo ya kawaida, bajeti ya barabara, dawa za kituo cha afya, ripoti ya ule uchunguzi ulioahidiwa, hayo yanapatikana, na nimeona barua tu inavyofanya simu ipokelewe.

Binti wa Arua

Barua yenyewe inaandikwaje? Nataka niulizie hizo glavu.

Afande Mstaafu

Binti, andika kwa mkuu wa ofisi kwa cheo chake, usiweke jina la mtu, maana wanahamishwa. Taja taarifa unayotaka kwa usahihi, miezi gani, kituo gani. Usieleze hasira zako humo ndani. Chapa nakala mbili, peleka mwenyewe masjala, nakala moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Usikubali kuondoka bila muhuri hata wakisema mwenye muhuri amekwenda chakula, kaa umsubiri. Siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.